Marehemu Arvid Kvamme na Kura Moja ya Eneobunge la 71A

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Karna, binti wa kwanza wa marehemu, nitawasomea historia ya baba yetu, ambayo Mama aliipitia jana na kufuta sifa zote, kwa hiyo haitakuwa ndefu.

Marehemu Arvid Engebret Kvamme alizaliwa tarehe 9 Februari 1936 katika shamba la wazazi wake, kitongoji cha Hauge, Kaunti ya Stavlund, hapa Minnesota, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alisoma shule ya msingi ya Hauge, yenye chumba kimoja na jiko moja la kuni, akaendelea katika Shule ya Sekondari ya Nordby na kuhitimu mwaka 1954, akaenda St. Paul kusomea kilimo, akarudi mwaka uliofuata baba yake alipovunjika nyonga, na tangu hapo alifuga ng'ombe wa maziwa hadi magoti yalipomkatalia mwaka 2008.

Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa na Arlys Tweten katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Joel na Beth, na wajukuu saba.

Sasa kuhusu uchaguzi, ambao naona umewafanya wengine wenu mkubali hata kukaa viti vya mbele. Eneobunge letu la 71A lilichorwa mwaka 1972, likiunganisha kaunti yetu na nusu ya kaunti jirani, na mbunge wake wa kwanza katika bunge la jimbo alikuwa Bwana Verdell Sandness, ambaye shamba lake limepakana na letu, na ambaye leo, pamoja na miaka yake themanini na mmoja, amekataa katakata kuachiwa kazi nyepesi, akashika jeneza kama wenzake. Marehemu alimpinga mwaka 1974, akashindwa kwa kura mia nne, akampinga tena mwaka 1976, safari hii kwa sababu moja tu, kwamba muswada wa kufunga shule ndogo za vijijini ulikuwa njiani, Verdell alikuwa akiuunga mkono, na shule yetu ya Nordby ilikuwa ndogo. Kampeni ziliendeshwa kwa adabu ya huku, yaani kila mgombea alipita nyumba kwa nyumba, akasifu mahindi ya mwenyeji, akanywa kahawa, akaondoka bila kutaja uchaguzi.

Tarehe 2 Novemba 1976 Verdell alipata kura 3,411 na marehemu 3,410. Zikahesabiwa upya, zikatoka vile vile, na jioni hiyo mezani Mama akamuuliza, "Arvid, wewe ulimpigia nani?" Baba akasema Verdell alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Kwani anaona ndani ya kibanda?" "Haoni. Lakini mtu hajipigii mwenyewe, Arlys. Ni majivuno." Mama hakupaza sauti, alivua aproni, akaenda kukamua ng'ombe peke yake, na waliomzoea Mama wanajua hiyo ni adhabu ya namna gani.

Muswada ulipita, shule ikafungwa mwezi Juni 1981, nami nikamalizia masomo Ostby, dakika hamsini kwa basi kila asubuhi. Marehemu hakulalamika, ila hakupita tena mbele ya jengo lile, na kwa miaka thelathini na zaidi, alipokwenda kanisani, kiwanda cha maziwa au kwa kinyozi, alizunguka kwa barabara ya ziwani, mwendo wa maili sita zaidi, akidai kwamba barabara ile ina mashimo machache, jambo ambalo si kweli.

Verdell alistaafu mwaka 1996, marehemu akagombea, akashinda na kuhudumu vipindi vitatu. Katika chaguzi zote hizo kitongoji cha Hauge kilimpa kura zote isipokuwa moja, na sote nyumbani tulijua ni ya nani. Mwaka 2002 mipaka ilichorwa upya, tukaunganishwa na wenye nyumba za mapumziko ziwani, akashindwa kwa kura elfu mbili na mia tisa, akasema ni afadhali, kwa kuwa kushindwa kwa elfu mbili hakuna wa kulaumiwa.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba mwaka jana, akalazwa tarehe 27 Februari mwaka huu, 2014. Jumamosi tarehe 8 Machi Bwana Verdell aliendesha gari lake kwenye theluji akaja kumwona, wakazungumza hali ya hewa, wakazungumza bei ya maziwa, akaaga, akafika mlangoni, akasimama pale na kofia mkononi.

"Arvid, ile ya sabini na sita. Mimi nilikupigia wewe."

Baba akamtazama sana. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ingekuwa kujisifu."

"Kwa hiyo yangu na yako zilifutana."

"Zilifutana."

"Basi ulinishinda kweli."

"Kwa moja."

"Moja inatosha."

Mama, aliyekuwa dirishani akifuma, akasema, "Miaka thelathini na minane nimemnunia mtu bure," na Baba akamjibu kwamba si bure, alikuwa ameshazoea. Kisha akaomba chakula, akala, kwa mara ya kwanza wiki ile. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi, saa kumi na moja alfajiri, saa ya kukamua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolisha ng'ombe wa Joel, wale aliokaa nao bungeni waliosafiri kutoka mbali, na kina mama waliopika chakula kinachotungoja katika ukumbi wa chini ya kanisa, kikiwemo alichopika Bwana Verdell mwenyewe, ambacho tutakila kwa adabu. Wengine mmeuliza kwa nini msafara wa asubuhi haukupita ziwani kama alivyozoea. Ni agizo la Mama, alimwambia dereva apite Nordby, mbele ya shule, polepole.

Pumzika kwa amani, Baba, ulishindwa kihalali.