Mwalimu Kificho bin Nyange na Kiingereza cha Binti Yake

Wasifu uliosomwa na mpwa wake, Vuai, katika hitima, Wawi, Ijumaa 16 Februari 1962

Marehemu Mwalimu Kificho bin Nyange alizaliwa Wambaa, mwezi wa Rajabu 1322, yaani Septemba 1904. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nyange bin Kombo, mvuvi wa kutega samaki kwa madema, na Bi Mize binti Shaame.

Alihitimu Kurani hapo hapo Wambaa, chuoni kwa Mwalim Ahmada, akiwa na miaka kumi. Mwaka 1916 alipelekwa kwa shangazi yake Chake Chake, akaingia skuli ya serikali. Huko alipewa kamusi ya Kiingereza ambayo mchwa walikwisha kuila tangu mwanzo hadi kuifikia herufi ya D. Akayahifadhi yaliyobaki kama alivyohifadhi juzuu. Ya A, B na C akawa anamwomba mwalimu wake, mawili matatu kila siku, hata mwalimu akaanza kumkwepa.

Baada ya mafunzo ya ualimu Unguja alirudi Pemba mwaka 1925, akasomesha Kiingereza miaka thelathini na minne, hadi Desemba 1959. Miaka ile ya mwisho ilimuumiza. Vijana walikuwa wakiokota Kiingereza katika sinema na viwanja vya mpira, wakikitafuna kama halua, nyakati za vitenzi wamezichanganya zote. Aliwaandikia wakubwa wa elimu barua nne. Barazani akisema, "Kiingereza cha watoto wa leo ni karafuu mpeta. Imenyeshewa jamvini ikaoza, na bado wanataka kuipeleka sokoni!" Akialikwa harusi kwa kadi ya Kiingereza, alihudhuria, lakini alikwenda na kadi keshaisahihisha kwa wino mwekundu.

Mwaka 1933 alimuoa Bi Time binti Silima wa hapa Wawi, wakaishi kwa mapenzi hadi mwisho. Bi Time hakujua Kiingereza, na wino mwekundu haukuvuka mlango wa jiko lake. Walijaaliwa watoto wawili, Mbaruk na Mwanamize.

Lipo jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe leo. Julai 1957, siku ya zawadi skulini, Mwanamize, wakati huo ana miaka kumi na sita, alisimama kusoma insha yake ya Kiingereza mbele ya wageni. Baba yake akamkatiza kumsahihisha mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Mtoto akaikunja karatasi akakaa kitako. Tangu siku ile hakutamka tena hata neno moja la Kiingereza mbele ya baba yake. Akisemeshwa kwa Kiingereza, hujibu kwa Kiswahili, kwa adabu, basi.

Jumamosi, 6 Mei 1961, marehemu alikuwa akitawadha kwa sala ya adhuhuri kiharusi kilipompiga. Mkono wa kulia ukalala na ulimi ukafunga. Siku ya tatu hospitalini kifua kilimjaa, homa ikapanda. Daktari alikuwa Mzungu mgeni, hajui Kiswahili, na mkalimani alikuwa wodi nyengine. Daktari akatayarisha sindano ya penisilini. Dawa hiyo hiyo mwaka uliotangulia ilimvimbisha marehemu koo, kidogo imuue. Marehemu aliitambua chupa. Alitoa macho, midomo ikatikisika, sauti haikutoka.

Ndipo Mwanamize, aliyekuwa akimuuguza kando ya kitanda, akasimama, jasho likimtoka, akasema kwa Kiingereza ambacho kwa Kiswahili kingekuwa hivi: "Hapana sindano hii! Baba, mwaka jana, yeye anavimba shingo, yeye karibu anakufa!"

Daktari akamuuliza tena. Akarudia vile vile, na makosa yake yale yale. Daktari akaiweka sindano chini, akaandika dawa nyengine.

Marehemu aliporudi nyumbani, maneno yalimjia pole pole, na yakaja kwa Kipemba tu. Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka mdomoni, ingawa akikisikia alikielewa. Asubuhi moja alimwita binti yake.

"Mize, nambie tena vyo ulivyomwambia daktari."

"Utanisahihisha, baba."

"Nambie, mwanangu."

Akamwambia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimshuka.

"Mie n'likuwa nacho kilichonyooka tele kichwani, kisinifae," akasema. "Chako kimefika. Na ile siku ya zawadi, nisamehe."

Bi Time, aliyekuwa mlangoni, anasema hajapata kumsikia mumewe akiomba radhi kwa mtoto, wala kwa mwengine yeyote.

Tangu hapo, kila baada ya alasiri, Mwanamize alimsomea gazeti la Kiingereza. Akikosea, baba alinyamaza. Ila akiulizwa kama pana kosa, aliinua kidole cha mkono wa kushoto, wakarudi nyuma pamoja.

Kiharusi cha pili kilimjia katika kumi la kwanza la Ramadhani. Alifariki nyumbani, Jumanne, 13 Februari 1962, baada ya adhuhuri, Mwanamize akimsomea Yasini. Alizikwa hapa Wawi asubuhi ya pili yake.

Ameacha mjane, Bi Time, ambaye yumo edani, watoto wawili, wajukuu watatu waliozaliwa na Mbaruk, dada yake marehemu, Bi Bimkubwa wa Wambaa, na wanafunzi wasiohesabika. Mwezi uliopita Mwanamize alianza kusomesha Kiingereza wasichana wanane wa mtaa huu ukumbini mwa nyumba, marehemu akisikiliza kitandani. Darasa limesimama kwa msiba, na litafunguliwa Jumatatu ya kwanza baada ya Idi. Mwenye binti na amlete.

Mwenyezi Mungu amsamehe, alipanue kaburi lake, na alale kwa utulivu. Amin.