Mchezo wa Nyanya Aliyeshuka Kwenye Basi

Benchi la Raho liko Garissa, karibu na Soko Mugdi, mahali ambapo ukuta wa ghala la mchele hutupa kivuli kuanzia alasiri. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mabovu. Wa mwisho akiinuka ghafla, wa upande wa pili hujikuta chini. Raho humimina kahawa ya tangawizi bila kuuliza nani anataka, na korongo husimama juu ya mgunga wakitazama kama watu waliokuja kesini wakakuta hakimu hayupo. Jambo likiletwa pale huingia dogo kama mbuzi mchanga na kutoka lina pembe.

Siku hiyo jambo lilikuwa la Ayanle, fundi wa simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Ayanle alikuwa ameandika mchezo wa redio, wa kwanza katika maisha yake. Ulimhusu nyanya yake Weris, anayeishi Ifo, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab. Zamani, Ayanle akiwa mdogo, familia ya nyanya ilipata nafasi ya kuhamia ng'ambo baada ya kungoja hadi watu wakachoka kungoja. Asubuhi ya safari nyanya alipanda basi na wanawe, akakaa dirishani, kisha akashuka. Alisema amesahau birika. Wanawe walienda, yeye akabaki.

Ayanle aliutuma mchezo kwa kituo kimoja cha redio Nairobi, na asubuhi hiyo jibu lilikuwa limekuja kwenye simu yake: asante kwa kututumia kazi yako, kwa sasa hatuna nafasi yake. Alilisoma mara nyingi sana, kama daktari anayetafuta mpigo wa moyo. Kilichomuuma si kukataliwa. Ni kwamba jibu lingeweza kuandikiwa mtu yeyote, kuhusu nyanya yeyote.

Akafanya kosa la kulisoma kwa sauti benchini.

Waziri ndiye aliyeanza. Hajawahi kuwa waziri. Aliwahi kufanya kazi ofisi ya chifu, na tangu hapo huona serikali hata ndani ya sukari. Alieleza kwamba maneno "kwa sasa" ni lugha ya ofisi. Maana yake kuna mpwa wa mkubwa ambaye naye ameandika mchezo.

Gurey, dalali wa ngamia anayetumia mkono wa kushoto hata kusalimia, na ambaye p humgeuka b mdomoni, alikataa.

— Hawakusoma hata kidogo. Waliona jina yako wakabita. Andika jina ya huko kwao, utaona.

— Wangepita jina tu, mbona waliniandikia? Ayanle aliuliza.

— Hiyo si mtu. Ni mashine. Mashine haina nyanya, itajuaje uchungu ya nyanya?

Dheere, dereva wa lori la maji wa njia ya Dadaab, mrefu hata akiwa ameketi, alikuwa na maoni ya kitaalamu, maana yeye husikiliza redio kutwa nzima barabarani. Mchezo, alisema, lazima uwe na mapenzi, na kama hauna mapenzi basi uwe na risasi. Mwanamke mzee anayeshuka kwenye basi hawezi kumzuia dereva asilale.

— Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, aliongeza. Redio inalilia risasi. Ipe.

Hakuna aliyemkumbusha kwamba wembe ule humkata mtoto.

Ayanle aliwasikiliza. Alijua kwamba hata mmoja wao hajausoma mchezo, lakini aliyekataliwa ni kama mwenye jino: atajaribu dawa ya kila mpita njia. Akarudi kuandika. Alibadilisha jina lake. Akampa nyanya mchumba wa zamani, aliyejitokeza kituo cha basi akiwa na bunduki. Kwa ajili ya Waziri akaweka mbunge mla rushwa, na kwa kuwa sasa mambo yalikuwa mengi nje ya basi, nyanya hakupata nafasi ya kushuka. Akaenda zake ng'ambo.

Akautuma. Jibu likarudi, neno kwa neno lile lile.

Benchi lilifurahi. Waziri alisema hilo ndilo thibitisho, mpwa yupo. Gurey alisema hilo ndilo thibitisho, mashine ipo. Kisha akaenda mbali zaidi: mchezo tayari umeibwa. Juzi alikuwa amefungua redio akasikia muungurumo wa basi, na basi lile, aliapa, lilikuwa la Ifo. Tangu hapo alikuwa akisikiliza michezo yote ya vituo vyote apate kumshika mwizi, hata ngamia wawili walimpita sokoni bila kuwauza. Dheere alimfariji Ayanle kwamba haba na haba hujaza kibaba: akiendelea kukataliwa, siku moja kukataliwa kutajaa.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mgeni, mfugaji kutoka upande wa Wajir aliyejitambulisha kwa jina la Doyo, akingoja gari la kwao. Alikuwa amemaliza kahawa yake.

— Samahani, wazee. Huyo nyanya, mbona alishuka?

Waziri alimtazama Gurey. Gurey alimtazama Dheere. Wote wakamtazama Ayanle.

Ayanle alisema alishuka kwa ajili ya birika. Kisha akasema hapana, birika lilikuwa kisingizio. Labda alihofia baridi. Labda ni kaburi la babu. Kila alichosema kilimlegea mdomoni.

— Alishafariki? Doyo aliuliza.

— Hapana. Yuko Ifo.

— Mlimuuliza akasemaje?

Hapo benchi lilinyamaza, na kwa kuwa halijawahi kunyamaza, Raho alisimama na birika mkononi akidhani kuna aliyezimia. Ayanle alikuwa ameandika habari za nyanya yake mara mbili. Mama yake, aliyeolewa Garissa na hakuwa kwenye safari ile, alimlilia nyanya huyo kila Idd. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Gari la Wajir likaja, Doyo akaaga. Ayanle akatoa simu, akampigia jirani wa nyanya kule Ifo, akaomba apewe ayeeyo, yaani nyanya yake. Sauti ilipokuja ilianza na dua, kisha ikauliza kama amekula. Akajibu. Kisha akamuuliza mbona alishuka kwenye basi.

Ubao ukalia. Waziri, Gurey na Dheere walikuwa wamemwegemea hata sikio la Gurey likagusa mkono wake.



— Kwanza niambie, ayeeyo alisema kule Ifo, ni nani hao wanaopumua?

Ayanle aliinuka, akavuka barabara, akakaa nyuma ya kibanda chake juu ya kreti la soda. Walimwona ameinamisha kichwa, akisikiliza.

Raho alikung'uta birika, likatoa machicha ya kahawa tu.

— Ni ubebo, Gurey alisema. Alishuka kwa kukosa ubebo. Nyanya yangu alikuwa hivyo hivyo, hawezi basi mbaka akae kwa mlango.