Emil Hudak, Mlinzi wa Tanki la Kilimani

Baba Padre, ndugu, jamaa, na ninyi majirani wa Bolton's Ferry mliofunga maduka mapema ili kumsindikiza, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mpendwa wetu Emil Hudak.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa hapa Bolton's Ferry, Pennsylvania, akiwa mtoto wa tatu wa mchimba makaa Pavel Hudak na mkewe Zuzana, akasoma shule ya parokia, akamaliza sekondari Juni 1966, akafanya kazi miaka minne kwenye matanuri ya makaa yaliyomwachia kikohozi cha maisha, na Septemba 1970 akaajiriwa na idara ya maji ya mji, ambako alitunza pampu tatu za mtoni na tanki la kilimani hadi alipostaafu mwaka 2013. Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Veronica Sabol, ambaye pirogi zake, zile sambusa za kuchemsha, hakuna asiyezijua hapa, wakajaliwa watoto wawili, Marlene mwaka 1974, na mimi Stephen mwaka 1977.

Mwaka 2008 mji wetu ulijiunga na mpango wa soko la jumla la umeme, ambamo siku za joto kali, viyoyozi vinapokaribia kuielemea gridi, wenye mashine kubwa huombwa wazime, na umeme wasioutumia huhesabiwa sawa na uliozalishwa mtamboni. Emil alikuwa akijaza tanki asubuhi, simu ikija anazima pampu zote, na mji mzima unakunywa maji ya kilimani kwa muda wa saa nne bila habari. Jambo hilo hakulizoea kamwe, akawa anamwambia Mama, "Vera, nimezima swichi tatu tu, na huko nisikokujua mtoto wa mtu anapasuliwa hospitalini taa zikiwaka!" Kiangazi cha kwanza, kwa bidii yake, alizima tangu asubuhi kabla ya kuitwa, na kwa kuwa upungufu hupimwa kutoka matumizi ya siku hiyo kabla ya mwito, wapimaji wakaandika kwamba hakupunguza kitu, wenzake wakamcheka hadi theluji ikaanguka, "Emil, wewe umefunga kabla ya Kwaresima!"

Alikuwa na sheria moja, kwamba futi kumi za chini za tanki ni za zimamoto, kwa hiyo aliyezima pampu habanduki kwenye kipimo cha maji hadi aziwashe tena. Sheria hiyo alimrithisha Marlene, anayeshika kazi yake leo.

Tarehe 4 Julai 2019 mapafu yalimzidi, akalazwa, akawekewa barakoa ya mashine ya kumsaidia kupumua. Ijumaa tarehe 19, siku ambayo lami ilikuwa inanata kwenye viatu, mwito ulikuja wa kuzima kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na saa kumi daktari akatuambia tuite watoto wote. Marlene alikuwa peke yake penye kipimo. Nilimshikia Baba simu sikioni, dada yangu analia, "Baba, niwashe pampu nije?" Akauliza, "Futi ngapi?" Akajibiwa, "Kumi na tisa." Akasema, "Basi yanatosha, kaa hapo, binti yangu," akatabasamu.

Alifariki saa kumi na moja na dakika ishirini. Sikumpigia Marlene hadi saa kumi na mbili ilipopita, pampu zikiwa zimeshawaka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotulisha wiki nzima, wafanyakazi wa idara ya maji, na watu wote tusiowajua ambao alasiri ile walizima chochote.

Marlene, tangu Ijumaa unajilaumu kwamba hukuwapo. Nilikuwapo mimi, na nakuambia mbele ya watu hawa, umeme wa ile mashine ya Baba haukukatika hata mara moja.

Na wewe Baba, tanki limejaa. Pumzika kwa amani.