Dk. Roslyn Stachura na Mikono Yake Nyuma

Dk. Roslyn Stachura amekitumikia Chuo cha Alder Creek miaka thelathini na mmoja, na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Wenye shahada zao waliombwa waandike wasifu huu, kila mmoja akawa na shughuli. Mimi Earlene Tubbs wa jikoni niliishia darasa la nane, lakini ndimi niliyempakulia chakula cha mchana miaka yote hiyo. Kwa hiyo tulieni mnisome.

Yeye ndiye aliyeianzisha hapa ile kozi ya miaka mitano ya walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, shahada ya kwanza na ya uzamili zikifuatana moja kwa moja. Zamani mtu alisoma miaka minne, akaenda kazini, na akirudi kutafuta ya pili tayari ana watoto na mgongo unamuuma. Wakubwa walimwambia haiwezekani. Akawasubiri mpaka wakachoka.

Wanafunzi wake aliwaingiza kwenye madarasa ya watoto tangu mwaka wa kwanza. Mjukuu wangu Kaylin, wiki yake ya kwanza, alimwona binti mdogo akihangaika na zipu ya koti, akaruka kumfungia.

"Hilo koti ni lako?" Daktari akamuuliza.

"Hapana, Daktari, lakini wenzake wameshatoka kucheza..."

"Basi mikono nyuma. Subiri."

Kaylin alirudi nyumbani amenuna, eti yule mama ana barafu kifuani. Lakini zipu ilipanda, tena kwa mikono ya mwenye koti. Tangu hapo, ukiona kijana amesimama mlangoni mwa darasa kama askari, mikono nyuma, jua huyo ni wa Stachura.

Mwaka wa tano ndio mgumu, na hakuna anayewaambia. Mwezi wa Mei wenzao wa kozi za miaka minne wanavaa majoho, wanapiga picha, wanaondoka. Hawa wanabaki. Septemba ikija chuo kimejaa sura ngeni. Kaylin alikuwa akila peke yake meza ya dirishani, machozi yanadondokea kwenye supu, akaniambia anaacha. Daktari akawa anakuja na sinia lake, anakaa meza ya jirani, anakula. Nilimfuata na mwiko mkononi.

"Mwalimu gani wewe? Mtoto analia, wewe unatafuna!"

"Nasubiri, Earlene."

"Unasubiri nini, afe?"

"Nimeshakaa karibu. Hatua iliyobaki ni yake."

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Kaylin alinyanyua sinia lake mwenyewe akahamia kwa Daktari. Hakuacha masomo. Leo anafundisha mjini Duluth, na simu hapigi. Nilipolalamika, Daktari alicheka kwa furaha.

"Hapigi? Vizuri sana! Amesimama."

Vizuri kwako, nikamwambia. Mimi huku naongea na redio.

Sasa mwaka huu nimemwangalia yeye. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kumfundisha mtu mpaka asimhitaji tena, na ameifanya vizuri kupita kiasi: wameondoka wote, wala hawageuki nyuma. Ndugu hana. Paka wake alikufa Januari. Wanafunzi wa mwaka wa tano wako mashuleni kwa mazoezi, naye anakula pale pale dirishani, kiti cha mbele yake kitupu. Ukimuuliza, anasema yuko sawa. Mwongo! Ile nyumba anayohamia ziwani haina hata jirani wa kugombana naye. Na kumwomba mtu aje amtembelee, hawezi. Nyinyi wote mnamjua, na bado mmekaa.

Daktari, chuo kizima kinakushukuru kwa walimu uliotutengenezea, na kwa watoto wanaofunga zipu zao wenyewe. Mimi nakushukuru kwa Kaylin. Kila Jumapili mchana nitakuja na sufuria ya supu ya kuku. Sitabisha hodi. Nitakaa kibarazani kwako, mikono nyuma, nisubiri. Hatua iliyobaki ni yako. Ila magoti yangu mabovu na supu inapoa, kwa hiyo usijifanye hukusikia gari langu.

Tunakutakia siku njema, nyingi, na mlango usiokawia kufunguka.