Soli ya Festus

Basi la Bungoma kwenda Kitale lilikuwa na viti vitupu tele, ndiyo maana hata picha ilikalishwa. Mwenyewe, dada mmoja mchoraji, aliiunda kwa mabati, magunia na soli kuukuu za viatu alizookota soko la zamani la Kitale lilipobomolewa. Jipya lilikuwa linafunguliwa siku hiyo, na picha ingetundikwa langoni.

Mzee wa kiti cha pili akainama. “Hii soli si nilishona mimi? Mimi Festus, fundi wa viatu. Nilikuwa nakaa pale kwa matope. Sasa narudi, ati niko na kibanda chenye mlango! Lakini hii gundi yako, dada, mvua moja tu iko chini. Wacha nishone.” Dada akamwambia, “Mzee, hii ni sanaa. Haishonwi.” “Kiatu ni kiatu, hata kwa ukuta.”

Mimi nilikuwa upande wa gundi, mpaka soli moja ilipoanguka kwenye matuta ya Kiminini.

Basi liliposimama Kitale walikuwa bado wanabishana: mzee akishona, dada akimkataza, huku yeye dada ameishika picha kwa mikono miwili isitikisike.