Siku Bwana Mwambire Alipozima Ngoma

Tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Nicholas Mwambire Sanga atakabidhi funguo za studio na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Kilifi kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Wafanyakazi tulioko leo, sote tulimkuta.

Aliajiriwa Machi 1994 kama fundi wa umeme, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza feni tatu za ukumbini. Mwaka uliofuata mwalimu wa redio alihama, akaacha kinasa sauti cha kanda ambacho hakuna mwingine aliyejua kukitumia. Bwana Mwambire aliomba akichukue nyumbani Jumamosi na Jumapili. Jumatatu alikirudisha kikiwa kimefunguliwa, kimesafishwa na kufungwa tena, pamoja na kanda yenye dakika arobaini za mvua ikinyesha juu ya bati la jirani. Mkuu wa chuo wa wakati huo aliisikiliza yote hadi mwisho, kisha akamhamishia idara ya mawasiliano.

Studio yetu ya kwanza aliijenga yeye, katika stoo iliyokuwa nyuma ya jiko. Kuta alizizibia sauti kwa magodoro makuukuu ya bweni na trei za mayai alizokusanya kwa Bwana Nayan, mwenye duka la jumla mjini, ambaye kwa miezi kadhaa aliamini kuwa chuo kimeanza kufuga kuku. Humo ndimo wanafunzi wapatao mia sita walimojifunza kushika maikrofoni. Wengi wao leo wanasikika katika vituo mbalimbali vya Pwani, na akiwasikia redioni huwatambua kwa namna wanavyovuta pumzi kabla ya sentensi.

Wanafunzi walimwita Bwana Kimya, kwa sababu kila kazi aliianza kwa maneno mawili: "Kimya kwanza." Masikio yake hayakuwa na likizo. Mwaka 2011, katikati ya mkutano wa wafanyakazi, aliinua kidole na mkuu wa chuo akanyamaza akidhani ana hoja. Kumbe alikuwa amesikia friji ya ofisini ikinguruma tofauti na jana yake. Friji ile ilikufa Ijumaa.

Ningeweza kuendelea hivyo hadi ukurasa ujae. Lakini mimi niliyekaa naye ofisi moja kwa miaka kumi na minne nikiulizwa kazi yake kubwa ni ipi, nitataja kipindi kimoja kilichoharibika mwaka 2023. Yeye mwenyewe ameomba kisiachwe nje ya wasifu huu.

Mwaka huo darasa la mwaka wa pili lilikuwa na wanafunzi tisa, na mradi wao ulikuwa mfululizo wa vipindi sita vya redio vilivyoitwa "Mvi Zetu". Walitaka kuwatetea wazee wanaosingiziwa uchawi katika vijiji vya bara, jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa karibu kuliko tunavyopenda kusema. Kiongozi wao alikuwa Linet, binti mwenye bidii ambaye nyanyake mwenyewe alihama kijiji kwa sababu hiyo hiyo. Kituo kimoja cha redio ya jamii kilikubali kuwapa nusu saa kila Alhamisi alasiri.

Kipindi cha kwanza kilimhusu Bi Kahonzi, mama wa miaka sabini na tisa anayeishi upande wa Kaloleni. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki, na watu wakaanza kumtazama vibaya. Alieleza yaliyompata kwa sauti ndogo, bila kulaumu mtu. Bwana Mwambire alipoyasikia mahojiano yale aliguswa sana, akaamua kuyapamba kwa ufundi wake wote. Chini ya maneno ya mama aliweka mdundo wa ngoma nzito uliokuja taratibu kama mtu anayenyemelea, na baina ya sentensi akaweka mlio wa bundi aliourefusha mpaka ukawa kama kilio. Tulipokisikiliza ukumbini, walimu tulipiga makofi. Nakumbuka vinyweleo vilinisimama.

Kilirushwa, na wiki iliyofuata kikarushwa cha pili, kilichokuwa na sehemu ya maneno ya mama yule na ngoma ile ile. Jumbe za simu zilimiminika. Tulihesabu sitini na tatu, na karibu zote zilikuwa za pongezi. Linet alizichapa na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo.

Siku nne baadaye alifika langoni mtu mzima aliyejaa vumbi la safari ya pikipiki. Alijitambulisha kuwa ni Nzai, mwana wa Bi Kahonzi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutia wasiwasi.

"Mama amenituma," alisema. "Anauliza aliyepiga ile ngoma ni nani. Tangu kipindi kitoke, watoto waliokuwa wakimchotea maji hawaji tena. Jana alipita njiani, mmoja akaiga sauti ya bundi na wenzake wakatimua mbio."

Mkutano uliitishwa mchana huo huo. Nitasema ukweli, kwa kuwa mwenyewe angetaka usemwe: mimi nilikuwa miongoni mwa waliotetea kipindi. Nilisema jumbe sitini na tatu haziwezi kukosea, na malalamiko ya mtu mmoja yasitutoe kwenye njia. Linet alikuwa akilia, akitaka jina lake liondolewe na mradi ufutwe. Bwana Mwambire alisubiri wote tumalize.

"Waliotuma pongezi hawaishi na Bi Kahonzi," alisema. "Naomba kipindi cha tatu kisimamishwe. Na Jumamosi nitakwenda kwake. Linet, tutakwenda wote. Kama utafuta kazi yako, uifute ukishajua ulichokosea."

Mimi pia nilikwenda. Tulipofika tuliwakuta majirani wanawake saba wakiwa wameketi ukumbini mwa nyumba, maana Nzai alikuwa amewaomba waje. Baadhi yao walikaa karibu na mlango. Bi Kahonzi alikaa peke yake upande wa pili, akishona kuti, na hakuacha kushona.

"Shikamoo, mama," Bwana Mwambire alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa ngoma?"

"Ndiye mimi, mama."

Aliweka spika yake ndogo juu ya kigoda na kuwaomba radhi kwamba atakicheza kipindi mara moja tena, mbele yao. Kila mara nimemwona akisikiliza amefumba macho. Siku ile aliyafumbua, akawa anawatazama wale wanawake mmoja mmoja. Ngoma ilipoanza, mtoto wa kike wa miaka kama sita alijificha nyuma ya mgongo wa mamake. Bundi alipolia, wanawake wawili walimtupia Bi Kahonzi jicho la haraka kisha wakatazama chini. Mambo hayo yalichukua dakika moja tu, na Bwana Mwambire aliyaona yote. Alinyoosha mkono akazima.

Bi Kahonzi ndiye aliyesema kwanza. "Maneno ni yangu, siyakatai. Lakini mimi nilizungumza na binti huyu, tukiwa wawili, asubuhi, hapa hapa. Huyo bundi aliingia saa ngapi?"

Mama mmoja alicheka, akajizuia kwa kanga.

"Nilimwingiza mimi, mama," alijibu Bwana Mwambire. "Nilitaka watu wakuonee huruma."

"Wameniogopa."

Bwana Mwambire hakujitetea. Alisema, "Nisamehe, mama," kisha akawageukia wale wengine na kuwauliza wao walisikia nini. Linet alifungua daftari. Wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja aliuliza kwa nini kipindi kilimwita Bi Kahonzi mshukiwa, ilhali mshukiwa ni mtu aliyeshikwa na polisi. Mwingine alisema kipindi kizima kinataja anachosingiziwa, lakini hakuna mahali panapotajwa anachofanya. "Mimi kushona makuti nimefundishwa na huyu," alisema. "Na huyu hapa, na yule. Nusu ya nyumba za kijiji hiki zimeezekwa kwa mkono wake. Mbona hamkutuuliza?"

Linet aliandika hoja ishirini na tatu. Alipozisoma kwa sauti ili wazithibitishe, Bi Kahonzi alimsahihisha katika mbili na kumwambia aandike vizuri, asiharakishe.

Njiani kurudi tulipita Mavueni. Hapo Bwana Mwambire aliniambia, "Musembi, nimefundisha sauti miaka mingi hivi, na sijawahi kukaa nikamtazama msikilizaji akisikia. Nilikuwa nakaa studio najisikiliza mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Na mimi nilikuwa nikiufikiria ubao wetu wa matangazo.

Alhamisi iliyofuata, badala ya kipindi cha tatu, Linet alisoma ombi la radhi redioni. Rasimu ya kwanza, tuliyoiandika ofisini, ilisema tunasikitika iwapo kuna aliyekwazika. Bwana Mwambire aliikata kwa kalamu nyekundu. Iliyosomwa ilikuwa hivi: "Tuliweka sauti za kutisha nyuma ya maneno ya mama asiye na hatia. Zile sauti hazikutoka kwake, tulizitia sisi. Tulikosea na tumekwenda kumwomba msamaha." Chuo kilihofia jina lake. Bwana Mwambire alisema jina la chuo lina watu wengi wa kulitetea.

Wanafunzi walirudi kijijini mara tatu. Walirekodi kuti likikatwa na kukunjwa, nazi ikikunwa, majirani wakisimulia walivyofundishwa kazi, na Bi Kahonzi akimcheka Linet aliyeshona kuti likapinda. Kabla ya kurusha, walikipeleka kipindi kipya kwa kikundi kile kile kikasikilizwe. Bi Kahonzi alikikubali isipokuwa sehemu moja, aliponyamaza akalia akimtaja mumewe marehemu.

"Hapo mlinikuta na jambo langu," alisema. "Toeni."

Mtu wa kazi hii ajuavyo, dakika ile ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Bwana Mwambire aliikata pale pale mbele yake, akamchezea tena ili ahakikishe haipo.

Kipindi kilirushwa. Safari hii jumbe zilikuwa kumi na tisa tu. Ila wiki mbili baadaye Nzai alipiga simu. Watoto walikuwa wamerudi kuchota maji, wa kwanza wao akiwa yule aliyejificha mgongoni kwa mamake, aliyekuja kuuliza kama ni kweli nyanya yumo redioni na anatokaje. Wanawake wawili zaidi walikuwa wameomba kufundishwa kushona. Nzai hakutupambia habari: ipo nyumba moja ambayo mpaka leo haimwamkii mamake. Bwana Mwambire huitaja nyumba hiyo kila anaposimulia habari hii.

Na huisimulia kila Januari. Wanafunzi wapya huwachezea kwanza kile kipindi cha ngoma na kuwaacha wakisifu. Kisha huwaambia nani alikitengeneza na kilifanya nini. Tangu wakati ule, hakuna mradi unaotiwa alama kabla haujasikilizwa na watu unaowahusu, huku mwanafunzi akiwa ameketi mbele yao na daftari, akiwa amekatazwa kujitetea. Tuna vikundi vya wasikilizaji Kaloleni, Mnarani na Kuruwitu. Si kazi rahisi kwa vijana. Mwaka jana akina mama wa Kuruwitu waliwaambia wanafunzi wetu kwamba kipindi chao kilipokwisha, samaki walikuwa wameshapaliwa, wamekaangwa na wameliwa. Vijana walirudi wameinamisha vichwa, wakakipunguza kwa dakika kumi na mbili, na kikawa kizuri.

Linet sasa ni mtayarishaji wa vipindi katika kituo kimoja mjini Malindi. Alipoombwa aseme neno kwa ajili ya kijarida hiki aliandika: "Nilitaka kuacha kazi hii nikiwa na miaka ishirini na moja. Mwalimu hakunibembeleza. Alinipakia kwenye gari akanipeleka kwa mtu niliyemkosea, akakosolewa yeye kwanza mbele yangu. Baada ya hapo ningeogopa nini?"

Kwa Bi Kahonzi hatukuomba neno. Alituma mwenyewe, kupitia Nzai. Anasema mstaafu akaribie wakati wowote, lakini aje na kisu chake, maana kazi ya makuti haina mgeni.

Bwana Mwambire anarudi nyumbani kwake Kaloleni, kwenye minazi yake na mbuzi sita ambao tayari amewarekodi. Mkewe, Bi Nyevu, ametuambia kuwa naye ana maoni ya miaka thelathini na mmoja ambayo mumewe hajapata nafasi ya kuyasikiliza. Ameomba tumwachilie mapema, ikiwezekana kabla ya saa sita.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha kusikia, na asante zaidi kwa kukubali kujifunza hilo mbele yetu ukiwa na mvi zako. Mungu akupe afya, akupe shamba lenye mvua ya kutosha na majirani wenye heri. Kwa niaba ya wafanyakazi na wanafunzi wote, nenda salama, ukae vyema na wako.

Musembi
Idara ya Mawasiliano