Kabla Mashine ya Dawa Haijawashwa kwenye Pome za Murambi

Mgeni rasmi, Papa Mkaguzi wa Kilimo. Papa Polycarpe, mwenye shamba. Wazazi na majirani: sisi wafanyakazi thelathini na mmoja wa miti ya pome, yaani matufaha, tumesimama mbele yenu kwa heshima, na kwa woga pia. Tusifiche.

Makaribisho

Karibu sana Murambi, na pole kwa matope ya njiani. Umekuja kuwasha mashine mpya ya kupuliza dawa ya wadudu, na mapipa sita ya dawa yako nyuma yako. Tuliambiwa risala iwe ya kushukuru tu. Tunashukuru. Ila tunakuomba utusikilize mpaka mwisho kabla hujaigusa mashine hiyo.

Tulikotoka

Funza walipoanza kuingia ndani ya matunda, tulipuliza kila siku ya posho, yaani kila wiki, wadudu wawepo wasiwepo. Kila aliyeshusha pompi ya dawa mgongoni alipewa kikombe cha maziwa, maana huku kwetu Masisi kila mtu anasema maziwa yanatoa sumu mwilini. Majani ya chini ya miti tuliyakata kwa ajili ya ng'ombe wa Papa Kagabo, jirani yetu. Na maziwa tuliyokunywa yalitoka kwa ng'ombe haohao! Misimu mitatu tulikunywa, tukapelekea na watoto nyumbani, bila hata mmoja wetu kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Siku moja Papa Kagabo alikuja analia: "Munanipatia majani gani? Ngombe yangu iko inatoka mate tu, miguu inatetemeka!" Ndipo hapo tulipoyaunganisha: dawa, majani, ng'ombe, maziwa.

Tuliyoyafanya

Tangu mwaka jana tunahesabu kwanza. Mama Jeannette, mkuu wa timu yetu, alituonyesha kutundika chupa zenye kasiksi, ile pombe ya ndizi, na vipepeo wanaozaa funza wanaingia humo. Wakiwa wachache, hatupulizi. Matunda yaliyoanguka tunayaokota na kuyazika. Kwenye shina tunafunga gunia kuukuu, funza wanajificha humo, tunawachoma. Hata vile vidudu vyekundu vyenye madoa, vinavyokula chawa wa miti, vimerudi vyenyewe. Msimu huu tumepuliza mara tatu tu, na majani ya miti iliyopulizwa hayaendi kwa ng'ombe.

Hatusemi uongo: matunda mengine yana madoa, na mnunuzi wa Goma anayanunia.

Magumu

Mashine hii imekuja na ratiba yake: kila wiki, shamba zima. Anayekataa arudishe jembe. Tunaogopa kufukuzwa, Papa, lakini dawa tunaiogopa zaidi. Vita tumeshaizoea: tunafunga vitu, tunabeba watoto, tunateremka kwa ndugu zetu wa Mpofi mpaka kutulie. Dawa iliyoingia kwenye majani na maziwa tutaikimbilia wapi?

Mama Umwali, aliyebeba pompi kuliko sisi wote, leo hawezi kujifungia kitenge kwa vile mikono inavyotetemeka. Hatujui kama ni dawa. Daktari naye hajui. Kila mmoja wetu akiamka asubuhi anaangalia mikono yake kwanza.

Maombi

Tunaomba mashine ingoje hesabu. Chupa ziko arobaini, na leo asubuhi tulikuta vipepeo kumi na mmoja tu. Tembea nasi, ufungue unazotaka, uhesabu mwenyewe. Siku ambayo dawa itahitajika kweli, tupewe glavu na vya kufunika pua, na Papa Kagabo aambiwe mapema. Papa Polycarpe, hatukupingi. Tunataka pome zako zizae, na sisi tuwepo tuzichume.

Mgeni rasmi, programu inasema kwamba baada ya risala hii utawasha mashine, na watu wanne watashika mipira ya dawa waingie mitini. Wako kulia kwako: Jean-Luc, Mamy na Isidore. Wa nne ni mimi Josiane, ninayekusomea. Mtoto wangu ana miezi minne, ananyonya. Nikimaliza kusoma natakiwa kwenda pale kwenye mashine, na sijui utasema nini.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na atuachie afya ya kukupokea tena.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Pome wa Murambi.